Friji la Mteremkoni

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Naandika kwa sababu nimefungwa mdomo. Mama watoto kasema hadithi zangu amezisikia tangu nywele zake nyeusi, na nikimsimulia tena ile ya lori langu lililovuka daraja lililokwisha kubomoka, anahamia kwa kaka yake. Basi naandika. Karatasi haiguni, haipigi miayo, haisemi "juzi ulisema lilikuwa trekta".

Sasa sikia, karatasi. Nimenunua gari-nyumba! Gari lenye nyumba ndani, au nyumba yenye usukani, chagua mwenyewe. Kitanda, jiko la gesi, sinki, choo, friji, na bafu la kumtosha mtu mmoja asiye na makuu. Nimeliita Kasri. Aliyeniuzia, daktari wa meno anayehama, alitaka kunieleza kila kitu kinavyofanya kazi. Nikamwambia asijichoshe, mimi nimelala chini ya magari mara nyingi kuliko yeye alivyolala kitandani. Akanipa kitabu cha maelezo. Nimekiweka chini ya mguu wa meza. Meza haitikisiki tena. Kitabu kizuri sana.

Nimeliegesha mbele ya nyumba, kwenye mteremko wetu, pua chini, jiwe mbele ya gurudumu. Ndivyo dereva wa kweli anavyoegesha. Betri ikilala, unaondoa jiwe, unaachia breki, unatia gia, gari linaamka lenyewe. Mteremko haujawahi kuisha chaji. Gari lililoegeshwa tambarare ni maiti inayosubiri jeneza. Mimi sijawahi kuegesha tambarare hata siku ya harusi yangu. Siku ya harusi ndiyo kabisa, nilitaka uhakika wa kuondoka.

Kazi ya Kasri ni moja. Kitinda mimba wetu kajifungua mapacha, huko mbali, safari ya kutwa nzima. Jumamosi tunakwenda kuwaona. Na zamani zile, tungali na nguvu, nilimwahidi mama watoto kwamba siku moja nitamtembeza ndani ya nyumba yake mwenyewe, akitaka chai anachemsha, akitaka kulala analala, dunia inapita dirishani. Ahadi hiyo imeota mvi. Sasa inatimia.

Ila kuna dawa. Mama watoto kapasuliwa jicho, ana dawa ya matone, nayo lazima ikae kwenye ubaridi, la sivyo inaharibika. Kaka yake, yaani shemeji yangu, fundi wa mafriji, mtaa mzima unamwita Barafu, kajitokeza upesi kama nzi aliyesikia harufu. Eti ana kigari chake na sanduku la barafu, atampeleka dada yake salama. Mama watoto kakata shauri. Ijumaa jioni ataweka glasi ya maji kwenye friji la Kasri. Jumamosi asubuhi maji yakimuuma fizi, anakwenda na mimi. Yakiwa vuguvugu, anakwenda na Barafu.

Kasema fizi kwa sababu meno ni ya kubandika. Hayasikii chochote. Kama wewe, kanambia.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Friji halipoi. Nimetia mkono ndani, joto la kwapa.

Nje ya gari, nyuma ya friji, kuna kimlango cha matundu. Nimekifungua. Moto! Moto wa buluu, mdogo, umejikunyata chini ya bomba kama mwizi anayejificha. Ndani ya friji! Nikawaambia watu wasogee, nikamwaga ndoo nzima. Moto ukafa. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akasimamisha mashine yake akanipigia makofi. Nikamweleza nilivyowahi kuzima lori la pamba kwa kulipuliza tu kwa mdomo. Kasema anaikumbuka vizuri, isipokuwa mara ya mwisho lilikuwa lori la magodoro. Pamba, magodoro, si kitu kimoja? Watu wanapenda kushika vitu vidogo vidogo.

Barafu alipita jioni. Kachungulia kimlango, kaona maji, kakaa chini akacheka mpaka akashikilia tairi. Eti friji la namna hii halina mota. Linatumia gesi, na ule moto ndio unaoleta ubaridi.

Nikacheka kuliko yeye. Moto unaleta baridi! Basi na ng'ombe ndiye anayemkamua mtu. Jamaa kafanya kazi ya mafriji maisha yake yote, baridi imempanda kichwani. Mama watoto kaniomba nimwache afanye anachokijua. Barafu kakausha mabomba, kawasha moto wake, kaondoka anafuta machozi. Nimeuacha uwake. Kesho friji likiwa jiko, tutaongea.

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Friji lina joto. Nilisema nini? Ukiwasha moto, unapata joto. Shule sikwenda, lakini hili sikuhitaji kufundishwa.

Jana tulilala ndani ya Kasri kwa majaribio. Mama watoto kaniangukia. Nikamrudisha upande wake, kaniangukia tena, mpaka asubuhi nimebanwa ukutani kama stempu. Uzeeni huku! Nikamwambia sikujua bado ananipenda kiasi hicho. Kasema hajanipenda, ameteleza.

Kasri lina kasoro ndogo ndogo, zote nimekwisha kuzigundua. Milango ya makabati inafunguka yenyewe: bawaba zimelegea. Mayai ya kukaanga yanakimbilia upande mmoja wa kikaango: kikaango kimepinda. Maji ya bafu yanakusanyika kwenye kona ya mbele na kuliacha tundu la kutokea likiwa kavu: waliolitengeneza waliweka tundu mahali pasipo pake. Nilitaka kutoboa tundu jingine pale konani. Mama watoto kanipokonya drili. Kasema chini ya kona ile kuna tenki la maji safi, amelisoma kwenye kitabu. Sijui kakipata wapi, ila kweli meza ilikuwa inatikisika tena.

Halafu pampu ya maji. Hakuna anayefungua bomba, lakini yenyewe inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Mama watoto kasema bomba la bafuni linadondosha, ndiyo maana pampu inaamka kila mara kurudisha nguvu ya maji. Nimemweleza taratibu kwamba ni kinyume chake: pampu ndiyo inalitikisa bomba, bomba linatoa machozi. Nikaingia chini ya usukani kutafuta waya wa pampu. Waya wa kwanza, taa zikazimika. Nikaurudisha. Wa pili, pampu kimya. Hodari! Wa tatu nikauchomoa kwa kuujaribu tu, hakuna kilichobadilika. Waya mvivu, hauna kazi. Nimeuacha unaning'inia, ujifikirie.

Sasa pampu imenyamaza kabisa. Maji pia. Mama watoto kanawa uso kwa birika, hanisemeshi.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Barafu kaja na yai. Nikamuuliza kama anatafuta kazi ya upishi. Kaingia Kasri, kaliweka yai chini mbele ya friji, kaliachia. Likabingirika mpaka kwenye kanyagio la klachi, likapasuka.

Basi kaanza mahubiri. Eti ndani ya mabomba ya friji kuna dawa inayozunguka kwa uzito wake tu, kama maji kwenye mfereji. Gari likiinama, dawa inakwama, friji halipoi hata ukilisomea dua. Eti bawaba ni nzima, kikaango ni kizima, tundu la bafu liko mahali pake, na dada yake hana mapenzi ya usiku, ameinamishwa. Dawa ya yote ni moja: nishushe Kasri mpaka kile kiwanja cha tambarare mwisho wa mtaa, liache limekaa sawa kutwa nzima.

Nikamtazama tu. Nimemwelewa. Tambarare! Betri ya Kasri ni mgonjwa, anajua. Nikiegesha tambarare, Jumamosi haliwaki, nami nabaki nimesimama kiwanjani natazama kigari chake kikiondoka na mke wangu. Hila ya kitaalamu. Nikamwambia shemeji, mimi nimezaliwa jana lakini usiku niliamka mapema.

Mama watoto kauliza kwani kuna ubaya gani kujaribu. Nikamwambia dereva haegeshi tambarare. Kauliza amekataza nani. Nikamwambia ni sheria ya barabara. Kauliza ya barabara gani. Nikaenda kufuta yai.

Ila moyoni nimetetereka kidogo. Si kwa mahubiri. Niliona mama watoto anakunja kanga zake kwenye begi dogo, lile linaloenea kwenye kigari cha Barafu. Begi kubwa nililomnunulia kwa ajili ya kabati la Kasri liko juu ya kabati la nyumbani, halijaguswa. Akienda na Barafu, Kasri litabaki chumba cha kuku chenye magurudumu, na ile ahadi nitazikwa nayo.

Lazima maji yawe baridi. Namna gani, hiyo ni siri ya fundi.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Mimi ni hatari. Mimi nilipaswa kuwa waziri.

Kama friji haliwezi kutengeneza baridi, liletewe! Lakini anayeuza barafu mtaani ni nani? Barafu mwenyewe. Siwezi. Nikamtuma fundi cherehani sokoni kwa muuza samaki, alete barafu kwenye mfuko, aufunike kwa vitambaa kama nguo ya mteja. Nikamwahidi nitamsimulia ile ya daraja. Kasema ataleta bure nisipomsimulia.

Mama watoto kaja jioni, kaweka glasi yake katikati ya rafu, kafunga mlango, kaniangalia kwa lile jicho zima. Nikamtazama kama malaika. Alipoingia nyumbani tu, nikaimwaga barafu yote kutoka mfukoni, nikaipanga kuizunguka glasi kama watu waliozunguka ngoma.

Nimelitazama friji kwa kicho. Linapumua ubaridi! Barafu atakula kofia yake, na kama hana nitamwazima yangu.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Karatasi, kaa chini.

Asubuhi mama watoto kaja. Barafu nyuma yake, kigari chake tayari kipo juu mtaani, kinang'aa. Mama watoto kafungua friji, kachukua glasi, kanywa. Kashika taya. Kasema fizi zimemuuma. Nikamgeukia Barafu nikamuuliza kama anataka kiti.

Halafu mama watoto kanywa tena. Kalamba midomo. Kauliza maji haya mbona yana harufu ya samaki.

Nikasema friji jipya huwa na harufu. Kasema friji hili ni la zamani kuliko ndoa ya binti yetu. Ndipo nikasikia miguu yangu inalowa. Barafu ya muuza samaki ilikwisha kuyeyuka, imetoka mlangoni mwa friji, imefuata mteremko, imeingia kwenye viatu vya safari vya mama watoto vilivyokuwa chini ya kiti. Kainua kimoja, kamimina. Mkondo mrefu, na juu yake gamba la samaki linaelea.

Hakugomba. Angegomba ingekuwa heri. Kaketi kitandani kavaa ndala, kamwomba kaka yake amtolee begi. Barafu kaingia kulichukua, naye hakucheka. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nikasema ngoja. Sikieni injini tu, mara moja tu, halafu mwende. Nikashuka, nikaondoa jiwe. Nikapanda, nikaachia handibreki. Kasri likaanza kwenda, taratibu, kama bibi harusi. Nikatia gia, nikaachia klachi. Likakohoa. Nikarudia. Likakohoa. Chini ya dashibodi ule waya mvivu unacheza mbele ya magoti yangu kama mkia wa mbwa.

Mbio zikaongezeka. Breki bila injini ngumu kama mkate wa juzi. Nikazikanyaga kwa miguu yote miwili! Makabati yakafunguka yote kwa pamoja. Vikombe, kikaango, mto, Barafu, vyote vikaja mbele. Fundi cherehani akatoka na sindano mdomoni akatupungia mkono akidhani tunaanza safari. Honi ikakataa, nikapiga kelele mimi mwenyewe kwa sauti ya honi, na nasema kwa haki, nilikuwa na sauti nzuri kuliko ya kiwandani. Mama watoto nyuma alikuwa ananitaja kwa jina langu la utotoni, ambalo sikujua analijua.

Mtaa wetu una mdomo mmoja tu, huko chini, unapoishia kwenye kile kiwanja. Kasri likafika pale, likapunguza mwendo, likajikunja upande, likasimama. Katikati ya mdomo. Limeuziba kama kizibo cha chupa. Tambarare kabisa.

Mama watoto akaanza kucheka. Kacheka mpaka yale meno yakatoka, Barafu akayadaka. Nikacheka, Barafu akacheka na donge kwenye paji la uso. Sijacheka hivyo tangu ile siku ya lori la magodoro. La pamba.

Lakini kigari cha Barafu kiko juu ya mtaa na Kasri limeziba chini. Hapiti mtu. Na Kasri haliwaki. Basi tukakaa kiwanjani mchana kutwa, sote watatu, kama familia iliyohamia. Mama watoto kapika mayai. Yametanda kikaango kizima, duara safi. Nikamwambia unaona, kikaango kimenyooka kwa ule mshtuko. Barafu kaenda nyuma kukiwasha tena kimoto chake, maskini, kila mtu na mapenzi yake. Halafu kaingia chini ya usukani, kauona waya mvivu, kauliza nani kauchomoa waya wa injini. Nikamwambia ni ule mtikisiko. Kaurudisha mahali pake.

Mama watoto kaosha glasi, kaijaza maji mapya, kairudisha kwenye friji.

Barafu alipoona hatoki bila Kasri kutoka, kapanda mtaani, kachomoa betri ya kigari chake, kashuka nayo begani, kaifunga kwenye Kasri. Injini ikawaka kwa mguso mmoja. Betri ya shemeji ndani ya gari langu! Kwa hiari yake!

Jua lilipokuwa linashuka mama watoto kafungua friji. Kanywa. Kashika taya kwa mikono miwili, kafumba macho. Nikainusa glasi. Hakuna samaki. Nikatia kidole. Baridi, karatasi, baridi ya kukata! Barafu akafungua mdomo, naliona neno "tambarare" limekaa kwenye ulimi wake. Dada yake akamnyamazisha kwa jicho moja.

Kisha akanigeukia. "Baba watoto, siendi na wewe kwa sababu ya friji," kasema. "Naenda kwa sababu uliniahidi nikiwa na meno yangu."

Kitu kikaniingia machoni. Vumbi la kiwanjani. Nikamwomba tone moja la ile dawa yake, kaninyima.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Tumefika!

Mama watoto kakaa kiti cha mbele, miguu juu ya dashibodi, begi kubwa kabatini. Kachemsha chai pembeni ya njia, kanywa akitazama nje, kaniambia hivi ndivyo nilivyosema itakuwa. Dawa yake baridi safari nzima. Barafu naye kaja, kwa sababu betri yake iko huku na yeye hawezi kuiacha peke yake na mimi. Kakaa nyuma akiushikilia mlango wa friji kama polisi. Njiani nikamsimulia ile ya daraja. Hakuwa na mahali pa kukimbilia.

Mapacha wanafanana na mimi. Wanapiga kelele wote wawili kwa wakati mmoja na hakuna anayewaamini.

Mkwe wangu, mume wa binti, kanionyesha uwanja wake, ameusafisha, ameusawazisha kama meza, kasema niegeshe hapo. Nikamshukuru kwa heshima. Kijana mzuri, ila hajui magari. Betri ya Barafu ni nzima, sawa, lakini unaamini vipi kitu cha shemeji? Nyuma ya nyumba yake kuna mteremko mtamu sana, mteremko wa kuimbwa. Nimeegesha hapo, pua chini, jiwe mbele ya gurudumu.

Barafu kajifunika taulo usoni.

Jumatatu, tarehe 10 Agosti

Friji lina joto. Mama watoto kaamka amenilalia, kaondoka, dawa yake kaipeleka kwenye friji la binti. Mkwe kaniuliza kwa adabu kama huenda gari limeinama. Sasa na huyu kashaambukizwa.

Mimi simlaumu mtu. Nimefikiri kwa utulivu, na ugonjwa nimeujua. Mbona Jumamosi lilipona? Si kwa sababu lilikaa kiwanjani, kukaa hakujawahi kumponya mtu. Lilipona kwa kuporomoka! Kuna kitu humo ndani kimeganda, kinataka kutikiswa. Ni kama hawa mapacha: ukiwalaza tu wanalia, ukiwatikisa wanatulia.

Dawa ninayo basi. Nimemwambia Barafu ashike usukani kesho, mimi nitaondoa jiwe. Kakataa. Mkwe kakataa. Hata fundi cherehani nimempigia simu, kasema ana nguo nyingi. Si neno, nitafanya vyote mwenyewe, niliwahi kuendesha malori mawili kwa pamoja.

Mteremko huu ni mrefu kuliko wa kwetu, friji litapoa mpaka mwezi ujao. Mwisho wake kuna banda la kuku la mkwe. Nimekwenda kulitazama, nimewapimia kuku njia ya kutokea, na mmoja, jogoo, nimemweleza kwamba kesho Kasri linakuja.